Dramu za Kizamani: Ununue Mpya, Usake za Kale, au Ubadilishe Ngozi Tu?

Seti ni mpya kabisa, nailoni ya kiwandani bado haijavuliwa, lakini imevikwa rangi ya lulu nyeusi ileile aliyokuwa nayo Ringo Starr, mpiga dramu wa The Beatles, mwaka 1964. Kando yake kuna toazi lenye madoa ya kahawia kana kwamba lilisahauliwa miaka arobaini kwenye banda la kuku. Unauliza bei, unaambiwa toazi chafu ni ghali kuliko lile linalong'aa. Hapo ndipo wengi wetu tunakwama. Ninunue hii mpya iliyotengenezwa kizamani, nisake ya zamani yenyewe, au nibaki na seti yangu niihangaikie ngozi?

Njia zote tatu nimezipita, moja kwa hasara. Mimi hupiga kanisani Jumapili na bendi ya dansi hotelini mwisho wa wiki, hapa Dar es Salaam, kwa hiyo nitakayoyasema yana chumvi ya bahari ndani yake. Anayepiga muziki wa metali kwenye uwanja wa mpira anisamehe.

Uzamani huu umetoka wapi

Tarehe 9 Februari 1964 The Beatles walionekana kwenye televisheni ya Marekani mbele ya watazamaji wapatao milioni 73, na jina Ludwig lilisomeka wazi kwenye ngozi ya mbele ya kiki, ile ngoma kubwa ya kupigwa kwa mguu. Vijana wakalilia dramu, wazazi wakanunua, kiwanda cha Ludwig kule Chicago kikafanya kazi usiku na mchana. Ndiyo maana mpaka leo dramu za miaka ile zinaibuka kwenye magereji ya Marekani: zilikuwa mali ya familia. Kwetu mambo yalikwenda vingine. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na vyombo vilikuwa vya mwajiri. Mpiga dramu akihama bendi aliondoka na vijiti vyake. Vyombo vilipigwa mpaka vikafa, basi usitegemee sana kukuta hazina stoo kwa babu.

Miaka ya 1980 mtindo uligeuka. Maganda, yaani kiwiliwili cha dramu, yakawa manene, tomu (zile ngoma za kati za kupigwa kwa vijiti) zikarefuka, kiki zikapata kina, stendi zikawa na miguu ya vyuma viwiliviwili, na matoazi yakawa mazito ili yapenye magitaa ya umeme. Haukuwa ujinga, jukwaa lilikuwa na makelele. Sasa upepo umerudi ulikotoka. Ludwig wana Legacy, Gretsch wana Broadkaster, Sonor wa Ujerumani wana Vintage Series, Pearl wana President Series Deluxe. Hata Slingerland, jina lililokuwa limelala, lilinunuliwa na DW, kampuni ya dramu ya Marekani, mwaka 2019 likafufuliwa.

Tunapima nini

Sauti kwanza, na hapa inafaa tukae kidogo, kwa sababu neno "kizamani" linauzwa na watu wasiolieleza.

Ganda la Ludwig la miaka ya 1960 lilikuwa na tabaka tatu za mbao, jembamba, na lilitiwa pete ya mbao ngumu ndani, juu na chini, lisipinde. Ganda jembamba lina sauti ya chini yake lenyewe, na hutikisika pamoja na ngozi. Halafu kuna ukingo, yaani ule mdomo wa ganda ambao ngozi inaukalia. Zamani ulikuwa wa mviringo. Ngozi ikilala juu yake hugusa mbao nyingi, kwa hiyo mlio hutoka mnene na kufa mapema. Ukingo wa kisasa mara nyingi umechongwa kwa pembe ya digrii 45, mkali kama makali ya panga. Ngozi inagusa mstari mwembamba tu, inavuma muda mrefu, na kijiti kinasikika waziwazi. Wahenga walisema ngoma ivumayo haidumu. Mpenzi wa dramu za kizamani anaitaka hasa ile isiyovuma.

Vigezo vingine ni vinne, navyo havihitaji maelezo mengi: kazi unayokwenda kupiga, vyuma na vipuri, hewa na safari (joto, chumvi, kupanda na kushuka kwenye Kirikuu), na pesa, nikimaanisha bei ya kununua na ile utakayopata ukiuza.

Dramu mpya zilizotengenezwa kizamani

Zile za juu kwa kweli zimerudia ufundi wa zamani. Legacy ya Ludwig ina tabaka tatu na pete, Broadkaster ina ganda jembamba na kingo butu za digrii 30. Ukizipiga unasikia ule mlio wa "duu" mfupi unaoujua kwenye santuri za dansi za miaka ya 1970. Tofauti na za kale ni kwamba tomu ya kushoto na ya kulia zinafanana, ganda ni duara kweli, na ngozi inakaa sawasawa siku ya kwanza.

Ila nyingine ni za kizamani kwa nguo tu. Rangi ya lulu, beji ya mtindo wa kale, kisha ndani ganda nene na kingo kali. Kuna njia rahisi ya kujua. Mwombe muuzaji akufungulie ngozi moja, halafu pitisha kidole kwenye ukingo polepole. Ukihisi kilima laini, sauti itakuwa ya namna ile. Ukihisi kisu, umeuziwa picha. Muuzaji akikataa kufungua ngozi, hilo nalo ni jibu.

Kwa kazi, hizi ndizo zinazobeba mengi. Zinaingia harusini, zinaingia studio, kanisani ukiwa na kipaza sauti kwenye kiki zinatosha. Zikikutana na uwanja wa wazi na spika dhaifu zinazidiwa.

Vyuma ni vya leo: tomu haitelezi, miguu ya kiki inashika sakafu, skrubu iliyopotea unaipata. Baadhi ya kampuni zimerudisha pia stendi nyepesi za miguu bapa, na hapo sina la kulalamika kabisa; mfuko mzima wa stendi naubeba begani nikapanda bajaji. Hewa ya pwani haizitishi sana, mradi uzifute jasho na chumvi.

Pesa ndipo pagumu. Seti iliyotengenezwa Marekani au Ujerumani ni maelfu ya dola kabla hujagusa usafiri na ushuru. Lakini chini yake kuna ngazi ya kati ambayo watu wanaipuuza: Catalina Club ya Gretsch yenye ganda la mahogani, Club-Jam ya Tama yenye kiki ya inchi 18, na Breakbeats ya Ludwig iliyobuniwa pamoja na Questlove, mpiga dramu wa kundi la The Roots, kiki yake inchi 16 tu. Hazina ufundi wote wa zile kubwa, na kingo zake ukague kwa kidole kama nilivyosema, ila ule udogo wa kiki peke yake unabadilisha jinsi unavyopiga. Ukiuza, tegemea kupoteza sehemu ya pesa yako, kama gari linapotoka dukani.

Zinamfaa anayepiga kila wiki, asiye na nafasi ya kuambiwa na mwenye harusi "mbona ngoma imedondoka?"

Dramu za kale zenyewe

Watu husema mbao iliyokauka miaka sitini inaimba. Huenda. Mimi ninachosikia zaidi ni ganda jembamba na ukingo wa mviringo, na pia kutokuwa sawa kwa kila kitu. Mafundi wa miaka ile walikuwa mbioni, kingo hazikulingana, hivyo seti mbili za mwaka mmoja hazifanani. Ukipata nzuri, hakuna mpya inayoifikia moyoni. Ukipata mbaya, utaipimapima usiku kucha na haitakaa.

Kazi yake halisi ni studio, ukumbi mdogo, hoteli. Kwenye kazi ya nguvu kiki inatembea: vile vimiguu vyembamba vya zamani havikutengenezwa kwa mguu wa leo, na kufikia wimbo wa tatu kiki imeshakimbilia kwa mpiga besi.

Vyuma na vipuri ndiko nilikopata hasara yangu. Shemeji yangu aliniletea kutoka Uingereza snea moja ya Kiingereza (ile ngoma yenye nyuzi za chuma chini), nzuri ya kutazama, ndani ya sanduku lake la nguo. Nikaenda Kariakoo nikanunua ngozi ya inchi 14. Haikuingia. Nikadhani ngozi ni mbovu, nikanunua nyingine. Nayo ikagoma, milimita chache tu, inakaa juu ya ganda kama kofia ndogo kwenye kichwa kikubwa. Baadaye ndipo fundi mmoja akanifahamisha kwamba dramu nyingi za Kiingereza za kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 zilikuwa na vipimo vyake, vya kabla ya kipimo cha kimataifa, na ngozi zake huagizwa maalumu. Snea ile sasa ni meza ya chai. Shemeji akija kututembelea tunaifunika kitambaa.

Hewa: vyuma vya zamani na pwani havipatani. Ludwig Supraphonic ya aluminiamu, snea inayopendwa na studio karibu zote, inajulikana dunia nzima kwa kromu inayopata vijishimo na kubanduka hata kwenye nchi kavu, sembuse Mombasa au Unguja. Plastiki ya lulu nayo husinyaa ikapasuka kwenye maungio, na ile nyeupe hugeuka njano. Usafiri, kwa bahati, unapunguzika: fungua ngozi zote, ingiza tomu ndogo ndani ya kubwa, kubwa ndani ya kiki, na nguo katikati. Seti nzima inakuwa mzigo mmoja.

Kwa pesa, ya kale iliyo kamili haishuki thamani kirahisi. Tazama beji. Gretsch za beji ya duara ni za mpaka 1971, Ludwig za beji ya Keystone ni za miaka ya 1960, na nyingine zina mhuri wa tarehe kwa wino mwekundu ndani ya ganda. Tazama matundu: kila tundu lililotobolewa baadaye kufungia tomu ya kisasa limekula bei. Tazama kama kingo zimechongwa upya, maana hapo umenunua historia bila ile sauti. Na usimsikilize sana anayeuza. Mwamba ngoma huvutia kwake, na muuza ngoma zaidi.

Zinamfaa mwenye seti nyingine ya kazi, mwenye ndugu anayesafiri, na anayependa kushika bisibisi kuliko kulala.

Seti uliyonayo, ukiibadilisha

Njia hii haina picha ya kuweka mtandaoni, kwa hiyo haisemwi sana. Chukua seti yoyote ya kawaida, toa zile ngozi nene zenye mafuta katikati, weka ngozi ya tabaka moja iliyopakwa nyeupe, ya aina ya Ambassador ya Remo. Kwenye kiki toa mto, rudisha ngozi ya mbele isiyotobolewa, kisha bana ukanda wa feliti kati ya ngozi ya nyuma na ganda. Snea iwekee leso au kipande cha taulo upande mmoja. Halafu wamba tomu juu kidogo kuliko ulivyozoea.

Kuna kichekesho ndani yake. Hizi ngozi za plastiki tunazoziita za kizamani zenyewe zilikuwa uvumbuzi: Remo Belli alianza kuziuza mwaka 1957. Kabla ya hapo ilikuwa ngozi ya ndama, na ngozi ya ndama ikipata unyevu hulegea. Wapiga dramu wa Marekani wa miaka ya 1920 na 1930 walikuwa wakiwasha balbu ndani ya kiki ili ngozi ikauke. Sisi tuliokulia kando ya ngoma zinazooteshwa moto kabla ya kuchezwa hatuhitaji kuelezwa mara mbili. Ukitaka ladha hiyo bila adha yake, Remo hutengeneza Fiberskyn, plastiki yenye sura na mlio unaokaribia ngozi ya mnyama.

Sauti inafika karibu, haifiki mwisho. Ganda nene litabaki nene, kiki ya kina cha inchi 18 itaendelea kusukuma upepo mwingi, na kingo kali zitaendelea kuvuma chini ya leso. Usikubali fundi seremala akuchongee kingo kwa makadirio. Ukingo ukipotoka ganda halirudi. Kazi unabaki huru: Jumamosi kizamani, wiki ijayo unarudisha ngozi nene kwa tamasha la injili. Vyuma na hewa havibadiliki, ni vilevile ulivyovizoea. Pesa ni ya ngozi tu, na hakuna cha kuuza baadaye.

Inamfaa anayejifunza, kanisa lenye seti moja kwa wapigaji watano, na yeyote asiye na uhakika kama anapenda sauti hii au anapenda picha zake.

Matoazi ni habari nyingine

Dramu unaweza kuibadilisha ngozi. Toazi huwezi kulibadilisha kitu. Lilivyotoka kwa fundi ndivyo litakavyolia mpaka lipasuke, na kwa maoni yangu sehemu kubwa ya kile watu wanachokiita sauti ya zamani iko kwenye raidi (lile toazi kubwa la kushika mapigo) na haiheti (matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu), siyo kwenye tomu.

Bronzi ya matoazi mengi mazuri ni mchanganyiko wa shaba asilimia 80 na bati asilimia 20. Ukoo wa Zildjian ulianza kuifua Istanbul karne ya 17, kisha Avedis Zildjian III akaanzisha kiwanda Marekani mwaka 1929. Kule Istanbul matoazi ya K, chapa ya ukoo huohuo, yaliendelea kugongwa kwa nyundo ya mkono mpaka kiwanda kikafungwa miaka ya 1970. Vijana wawili waliojifunza humo, Agop Tomurcuk na Mehmet Tamdeğer, walianzisha kazi yao wenyewe kwa jina la Istanbul. Agop alipofariki mwaka 1996 njia ziligawanyika, ndiyo maana leo kuna Istanbul Agop na Istanbul Mehmet. Ukisikia mtu anasema "toazi la Kituruki", anazungumzia ukoo huo.

*Mapya ya kizamani:* Kerope ya Zildjian, 30th Anniversary ya Istanbul Agop, Byzance Vintage ya Meinl, Formula 602 ya Paiste wa Uswisi iliyotoka kwanza 1959, ikaachwa, ikarudishwa. Mengi ni membamba, hufunguka kwa pigo dogo, na mlio wake ni mzito wa chini, mkavu kidogo. Raidi ya Kerope ya inchi 22 iko chini ya kilo 2.5, wakati raidi nzito ya roki ya ukubwa huo huzidi kilo 3. Wembamba huo unadai mkono. Kwenye ukumbi wenye mwangwi yanakaa chini ya waimbaji bila kuwafunika. Kwenye roki yanapotea, na mpigaji mwenye hasira anayapasua. Hewa ya pwani inayapaka tu rangi zaidi. Bei ni ya juu, ila ukiyatunza yanauzika.

*Ya kale yenyewe:* K za Istanbul za zamani ni bei ya mali ya makumbusho na hakuna mawili yanayofanana. Matoazi ya A, yaani ya Zildjian wa Marekani, ya miaka ya 1950 na 1960 yanapatikana kwa bei ya kibinadamu zaidi, na kusafirisha toazi ni rahisi kuliko kusafirisha kiki. Kagua tundu la katikati kama limeliwa upande mmoja kwa kusuguana na chuma cha stendi, kisha pitisha ukucha kwenye ukingo kutafuta ufa. Vumbi na kutu ya kijani visikutishe, na ukishalinunua usilisugue kwa majivu wala dawa ya masufuria. Ule uchafu ni sehemu ya mlio.

*Ya kisasa yanayong'aa:* hayana aibu yoyote. Yanapenya, yanavumilia, na kwa kwaya ya watu sitini yenye kinanda na magitaa matatu mara nyingi ndiyo yanayosikika. Uyapunguze makali kwa kipande cha utepe wa kitambaa wenye gundi chini ya toazi ukitaka. Yanakaribia ukavu, hayakaribii ule uzito. Ukiyauza, soko ni jembamba, maana yamejaa madukani.

Mara ya kwanza nilipopeleka raidi nyembamba hotelini nililipiga kama nililozoea, na likavuma likafunika kila kitu. Palikuwa na mzee mmoja aliyepiga dansi tangu enzi za Radio Tanzania, amekaa meza ya mbele na soda yake. Mapumzikoni nikamwendea. "Shikamoo mzee. Umeionaje?" "Marahaba. Toazi zuri hilo, mwanangu. Ila lipige kama unalifuta vumbi." Awamu ya pili nilishika kijiti kwa vidole viwili, nikagonga karibu na kikombe, ile nundu ya katikati ya toazi. Mpiga solo aligeuka kunitazama.

Basi, kwa hali yako

Kama una pesa ya kitu kimoja tu na seti yako ni ya kawaida, weka kwenye raidi au haiheti, na dramu zibadilishe ngozi. Nimeona seti za bei ya chini zikisikika kama santuri kwa sababu ya matoazi mawili mazuri. Kinyume chake sijakiona. Lakini kama matoazi unayo tayari, ushauri huu haukuhusu.

Kama unaishi kwa kupiga, harusi tatu kwa mwezi na safari za mikoani, seti mpya ya kizamani ya ngazi ya kati inakulipa mapema kuliko zote. Chukua kiki ya inchi 20. Ya 18 ni tamu lakini MC atakuuliza kama umesahau nyingine nyumbani.

Kama unajenga studio, hasa nyumbani, hapo za kale zina maana: hazibebwi, chumba kina kiyoyozi, na ukikosea unarekebisha. Anza na snea moja ya Kimarekani, siyo seti nzima, na upime kwa futi kabla ya kulipa.

Kama wewe ni mzee wa kanisa unayenunulia waimbaji, na wapigaji hubadilika kila ibada, wanunulie seti imara ya kisasa na matoazi ya unene wa kati. Toazi jembamba mikononi mwa vijana wa kipaimara halimalizi Pasaka.

Kama uko Muscat, Toronto au London na unafikiria kuleta kitu nyumbani, leta matoazi. Yanaingia kati ya nguo na hayahitaji kipuri. Ukishindwa kuvumilia ukaleta dramu, hakikisha ngozi za akiba zinakuja nazo.

Na kama hujui bado, mpe mwenzako vijiti, uende ukakae mlangoni mwa ukumbi usikilize seti yako mwenyewe ukiwa mbali. Mara nyingi ile sauti unayoitafuta inapatikana umbali wa mita kumi, na kinachokuudhi ukiwa umekaa kitini hakifiki kule.